Mbwa Aliyelamba Miguu

Likizo iliyopita nilimpiga mbwa wetu Simba bila kosa, nami nawaeleza wenzangu habari hii ili wasifanye kama mimi.

Usiku Simba hulala mlangoni pa chumba changu. Siku zile alikuwa akilamba nyayo zake pasipo kukoma. Mimi nilikuwa nikisoma kwa ajili ya mtihani, na sauti ile ilinichosha. Nilidhani ni tabia mbaya tu, nikampiga fimbo mbili. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza tena.

Asubuhi bibi aliniambia, "Mjukuu wangu, mnyama hana kinywa cha kushtaki. Mtazame miguu." Nikamshika, nikavitenga vidole vyake. Kumbe ni funza! Niliona vivimbe vyeupe vyenye kitone cheusi katikati, vingine vikubwa kama njegere.

Ndipo nikamkumbuka mdogo wangu wa kike. Kwa juma zima alikuwa akitembea kwa visigino, wala hachezi, akisema anaumwa tumbo. Nikamwomba anionyeshe miguu. Alilia kwa aibu kwanza. Alikuwa na funza saba.

Funza ni aina ya kiroboto. Jike huingia katika ngozi, akavimba kwa mayai, na mayai yakaanguka katika vumbi. Zamani hakuwako Afrika. Alitoka Amerika kwa meli, akafika Angola mwaka 1872, na kabla ya mwaka 1900 alikwisha kufika pande zetu. Watu, mbwa na nguruwe huambukizana.

Mdogo wangu tulimpeleka zahanati. Hatukutumia pini ya nyumbani, maana pini chafu huweza kuleta pepopunda, na ikitumiwa na wengi hueneza magonjwa ya damu. Simba alitibiwa na daktari wa mifugo. Alitufundisha kwamba mbwa hulamba miguu pia kwa sababu ya kupe, mwiba, mzio au upweke, na kwamba ngozi isiyokauka mate huzidi kuwasha. Kisha tuliifagia sakafu yetu ya udongo, tukaikandika upya.

Mdogo wangu sasa anaruka kamba. Simba naye amepona, na bado hulala mlangoni pangu. Lakini nikiinua mkono, hata kama nachukua kitabu tu, yeye huondoka.