Kuku ya Moto ya Polepole

Vijana wa leo wanapenda kila kitu haraka. Hata kuku: mafuta mengi, moto mkali, na tayari iko mezani. Miye nataka kusimulia kuku ambayo nyanya yangu alikuwa anapika kule Walungu, Kivu ya Kusini, mu miaka ya 1980, wakati nchi ilikuwa ingali inaitwa Zaire.

Kuku ya kwetu iko na nyama ngumu, kwani inatembea siku nzima. Nyanya alikuwa anaikata vipande, anaitia mu nyungu pamoja na vitunguu viwili, tomati tatu, tangawizi kidogo, chumvi na vikombe viwili vya maji. Hapana kutia mafuta: kuku yenyewe iko nayo. Anafunika na jani la mgomba, kisha kifuniko juu. Inapochemka, anapunguza makala na kumwaga majivu juu yake ili moto ulale. Masaa matatu! Alikuwa akisema: «Moto ya nguvu inaivisha ngozi, moto ya polepole inafika mupaka mu mufupa.»

Lakini jambo moja lilikuwa linanishangaza. Kwa kuonja chumvi, alikuwa anaita kaka yangu. Yeye mwenyewe haonji, nami sionji. Kwetu kuku ilikuwa muziro kwa wanawake, ni kusema mwiko. Babu alikula firigisi, wanaume wakakula nyama, na sisi bugali na maharagi. Nilipouliza sababu, nilijibiwa: «Njo vile tulikuta.»

Mwaka 2005 nilikuwa nimekwisha kupata diploma yangu ya ISP, nikifundisha biolojia Bukavu. Nyanya akagonjwa, tukamleta kwangu. Alikonda sana, na muuguzi akasema anahitaji chakula cha kujenga mwili. Nilipika kuku sawa vile nilivyomwona akipika. Nyama alikataa. Nikamwambia: «Nyanya, supu si nyama.» Alinyamaza kwa muda, akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa polepole mpaka chini. Kisha akasema: «Kumbe njo vile inakuwaka!» Tulicheka sisi wote. Lakini usiku nililia, kwani huyu mama alipika kuku maisha yake yote bila kujua utamu wake.

Leo, kila siku ya posho, ninateka mbabula nje, kwani moshi wa makala ndani ya nyumba ni hatari. Nyungu inachemka polepole nami ninasahihisha mitihani ya wanafunzi. Makala yanayotumika ni kidogo. Mume wangu, ambaye muganga alimkataza mafuta, anakula bila woga, na lengalenga kando. Firigisi ninaikata vipande sita, vidogo sana, kila mtu apate. Na chumvi? Binti yangu njo anaonja wa kwanza.

Wazee wetu walituachia nyungu, walituachia na muziro. Si kusema vyote ni vibaya, wala vyote ni vizuri. Ni lazima tuchague. Nyungu tuilinde, tuwafundishe watoto. Muziro ule tuuache ulale pamoja na moto uliozimika.