Granada: mji wa ahadi iliyovunjwa

Tuliingia Granada, kusini mwa Hispania, wakati wa alasiri, tukapanda kwa miguu vichochoro vya mtaa wa Albaicín. Ng'ambo ya bonde, kasri la Alhambra lilikuwa jekundu kwa jua la machweo. Kesho yake tulilizuru, na ukuta baada ya ukuta tukasoma maneno yale yale yaliyochongwa kwa Kiarabu: hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Wafalme wa ukoo wa Nasr walioyachonga walishindwa, maneno yamebaki.

Hata hivyo, ndugu msomaji, kilichotushughulisha zaidi si kasri, bali ni mkataba. Tarehe 25 Novemba 1491, mji ukiwa umezingirwa kwa miezi, Sultani Abu Abdillah Muhammad wa 12 alipatana na Mfalme Fernando na Malkia Isabel. Waislamu wangebaki na misikiti yao na mali zao, wangehukumiwa na makadhi wao kwa sharia yao, wala asingelazimishwa mtu kuacha dini yake. Tarehe 2 Januari 1492 mji ukakabidhiwa.

Dalili mbaya haikukawia. Tarehe 31 Machi mwaka huo huo, Mayahudi waliamriwa wabatizwe au wahame. Wengi wao wakapata hifadhi katika dola ya Uthmaniya ya Sultani Bayezid wa 2. Kwa Waislamu mkataba uliheshimiwa kwa muda. Askofu mkuu wa kwanza wa Granada, Hernando de Talavera, alitaka mapadri wajifunze Kiarabu na wavute watu kwa hoja. Mwaka 1499 akaja Cisneros, Askofu Mkuu wa Toledo, na subira ikaisha. Watu walibatizwa kwa halaiki. Vitabu vya Kiarabu vikachomwa, vikasazwa vya tiba. Wakazi wa Albaicín walipoinuka, watawala wakasema: mmeasi, basi mkataba umekufa. Mwaka 1502 Waislamu wa Kastilia nzima wakapewa hiari ile ile waliyopewa Mayahudi. Hata waliobatizwa hawakusalimika: kuanzia 1609 hadi 1614, wajukuu na vitukuu wao wapatao 300,000 walifukuzwa kutoka Hispania yote.

Siku ya tatu tulisimama katika ua wa kanisa la San Salvador, ambao zamani ulikuwa ua wa msikiti mkuu wa Albaicín. Mtoto wetu akauliza: "Kama waliandikiana, mbona haikuwafaa?" Tulimjibu kwamba aliyeandika alikuwa na jeshi, na aliyeandikiwa hakuwa nalo. Haki iliyotegemea huruma ya mshindi ilidumu kadiri ya huruma hiyo.

Wala tusiishie kuwalaumu wengine. Mwaka 1066, Granada ikiwa chini ya watawala Waislamu, umati ulimuua waziri Myahudi, Yusuf bin Naghrela, ukawaua na Mayahudi wengi wa mji. Nao walikuwa watu wa dhima, ambao damu yao ilikuwa amana shingoni mwa Waislamu. Dini yetu inatuamrisha kutimiza ahadi, na haikusema tuitimize kwa jamaa zetu peke yao. Anayeililia Granada ya 1492 hana budi kuikumbuka na ile ya 1066. Vinginevyo haililii haki, analilia ufalme.

Jioni ya mwisho tulisali Magharibi katika msikiti wa Albaicín uliofunguliwa mwaka 2003, ukuta kwa ukuta na jirani yake, kanisa la San Nicolás. Bustani yake iko wazi kwa wageni, na tuliwakuta humo watu wa kila dini wakiitazama Alhambra. Tukamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu ambao jirani aliye mchache miongoni mwetu analala bila hofu.