Fundo, Jicho na Kipande

Tangu nistaafu kufundisha Hisabati na Kiswahili, mpwa wangu asomaye uhandisi hunijia na maswali ya istilahi. La karibuni lilihusu wavu. Si wavu wa kuvulia, bali ule ambao kwao wahandisi huligawa umbo la daraja au bawa la ndege katika vipande vidogo, ili wakokotoe mikazo iliyomo katika kila kipande. Jina la mbinu hiyo kwa Kiingereza lilibuniwa na Ray Clough, mhandisi wa Marekani, aliyelichapisha mwaka 1960.

Alinifungulia faili la wavu kwa Python. Maktaba ya programu iitwayo meshio hulisoma kwa amri moja, kisha hutoa orodha mbili. Ya kwanza ni ya mafundo, kila fundo na namba zake tatu za mahali. Ya pili hueleza mafundo yapi yamefungamana: fundo 0, 1 na 2 ni pembetatu moja, fundo 1, 3 na 2 ni nyingine. Ukichora orodha ya kwanza pekee, waona nukta zilizotapakaa kama mchele uliomwagika. Ukiongeza ya pili, bawa latokea.

Fundo halikutupa taabu. Wavuvi wetu wanalo tangu kale. Mzozo ulikuwa juu ya ile pembetatu. Mpwa wangu alitaka iitwe jicho, kwa kuwa wavu una macho. Nikakataa. Jicho la wavu ni uwazi apitapo dagaa. Kwa mhandisi, hapo ndipo chuma chenyewe kilipo, na ndipo hesabu ifanyikapo. Mwanafunzi akifunzwa jicho, atadhani baina ya mafundo hamna kitu. Tukaafikiana kipande.

Ndiyo maana siridhiki istilahi zinapookotwa kwa kufanana sura tu. Neno la fani hufundisha kabla mwalimu hajafumbua kinywa, na likipotosha, mwalimu hutumia kipindi kizima kulisahihisha.

Limesalia moja. Ule mstari unaoshirikiwa na vipande viwili jirani, mpwa wangu auita ubavu, nami nauita mshono. Ndugu malenga, hasa mliokulia penye nyavu, ninyi mwauitaje?