Mchezo usio na binadamu hata mmoja

Leo siandiki kuhusu simu mpya wala programu mpya. Nataka niwasimulie jinsi nilivyokaa miezi minne hapa Kinoru nikitafuta watu wa kucheza mchezo wangu, nikawakosa, kisha nikawapata kwa njia ambayo sikuitegemea. Kama nawe umewahi kuunda kitu ukakaa ukingoja watu waje, utanielewa.

Kwanza mchezo wenyewe. Ni ule wa kuigiza wahusika: kila mtu anachukua mhusika wake, anaandika anachosema na anachofanya, na hadithi inajengeka kwa maneno ya wote. Si jambo jipya. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza, alianza kuandika MUD, ulimwengu wa maandishi matupu ambamo watu wengi waliingia kwa wakati mmoja. Mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Wangu unatumia ujumbe mfupi wa simu, kwa sababu majirani zangu wengi wanatembea na kabambe, na herufi 160 zinatosha kusema mengi. Mitambo yangu yote ni simu kuukuu ya Android iliyopasuka kioo, inayopokea na kutuma jumbe, pamoja na programu niliyoiandika kwa Python kwenye kipakatalishi changu.

Kuna sharti moja tu: hakuna anayeigiza binadamu. Wahusika wote ni wanyama na ndege.

Nilidhani hilo pekee lingewavuta watu. Nikachapisha tangazo, nikalibandika kwa kinyozi na kwenye saiba: Kuwa simba! Kuwa chui! Kuwa tai! Wakaja watu 11. Tisa wakachagua simba. Je, unajua simba tisa wakikutana wanafanya nini? Wanajitambulisha. Kila mmoja alituma ujumbe kwamba yeye ndiye mfalme wa msitu, kisha akangoja wengine wakubali. Siku ya tatu mmoja akaniuliza, "Bosi, sasa watu wanaingia lini?" Baada ya wiki mbili walibaki watatu. Mmoja wao ni binamu yangu, na nadhani alibaki kwa sababu anakula kwangu.

Jumbe zote nilikuwa nalipia mimi, na kazi za kandarasi zilikuwa zimepungua. Nikajipa mpaka mwisho wa mwezi. Ikishindikana, nazima ile simu na kutafuta kitu cha maana cha kufanya jioni.

Mwanzoni niliwalaumu wachezaji. Nikasema watu hawataki kuigiza wanyama, wanataka bunduki na magari. Lakini hilo si kweli hata kidogo. Sisi tumelelewa na Sungura na Fisi. Nyanya yangu alipoanza "Hadithi, hadithi!" hakuna mtoto aliyewahi kumuuliza watu wanaingia lini.

Basi nikarudi kwenye hadithi zenyewe, nikaziangalia kama mtu anayesoma programu iliyoandikwa na fundi kumzidi. Chukua ile ya kima na papa, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi alizosimuliwa Zanzibar. Papa anautaka moyo wa kima. Papa hawezi kupanda mti, na kima hawezi kuogelea. Hadithi nzima inasimama juu ya mambo hayo mawili wasiyoyaweza. Mpe kima mapezi na papa miguu, na hadithi imekufa.

Wazungu nao waliligundua jambo hili mapema. Dungeons & Dragons ulitoka mwaka 1974, na miaka miwili tu baadaye, 1976, ukatoka mchezo unaoitwa Bunnies & Burrows, ambao B. Dennis Sustare na Scott Robinson waliutunga wakiongozwa na riwaya ya Richard Adams, Watership Down. Ndani yake wachezaji ni sungura. Hawana panga wala ngao, na karibu kila kitu kinaweza kuwala. Silaha yao ni mbio na akili. Tangazo langu lilikuwa limeahidi nguvu. Mtu mwenye nguvu zote hana haja na mwenzake, na mchezo wa namna hii ni haja ya mtu kwa mwenzake, basi.

Nikafuta simba. Nikaandika upya sehemu kubwa ya programu kwa usiku kama sita hivi. Mabadiliko yalikuwa matatu.

La kwanza, ujumbe haumfikii kila mtu. Unawafikia wale tu ambao mnyama wao angeweza kusikia, kuona au kunusa. Lori likipita barabarani, bundi anaambiwa taa mbili zinakimbia. Fuko, aliye chini ya ardhi, anaambiwa ardhi inatetemeka, basi. Ndovu anapata harufu ya mahindi mabichi tangu mbali, lakini hajui fuko yupo chini ya mguu wake.

La pili, kila mnyama anaanza na jambo moja analolitaka usiku huo na jambo moja asiloliweza. Hachagui. Programu inampa.

La tatu, ramani ni ya hapa hapa. Msitu wa Imenti, Ziwa Nkunga, Mto Kathita, soko la Gakoromone, na uwanja wetu wa Kinoru, ambao popo wanaujua kama bonde lenye jua la usiku. Watu wapo, lakini kama taa, nyayo, moshi na mbwa wanaobweka.

Na tangazo? Nililitupa. Niliwatumia wale watatu waliobaki ujumbe mmoja: Hadithi, hadithi. Anayetaka kuingia anajibu NJOO. Hiyo ndiyo fomu ya kujiandikisha, hakuna nyingine.

Binamu yangu alipewa kobe anayetaka kufika mtoni, ng'ambo ya barabara. Kobe peke yake havuki, kwa sababu hana habari ya gari mpaka limemfikia. Alihitaji mwenye masikio. Usiku huo hapakuwa na bundi. Sasa sikiliza alichofanya: akampigia simu mwanamke anayeuza mboga karibu na kwetu, akamwambia, "Mama, tafadhali andika NJOO kwa hii namba, nikwame hapa mpaka lini?" Mama akaingia, akapewa bundi, akamvusha. Kesho yake mama mwenyewe alikuwa na shida ya bundi, akamwita dada yake wa Nkubu. Kwa wiki tatu sikumwalika mtu yeyote. Tulifika 38.

Lakini mgeni ninayemkumbuka zaidi alikuja kwa miguu. Ni mzee mmoja mwenye shamba karibu na msitu. Mpwa wake alikuwa akicheza ndovu, na mzee alizisoma jumbe zake. Alinikuta nje nikianika nguo.

"Kijana, ni wewe mwenye hii ndovu ya simu?"

"Ni mimi, mzee. Karibu."

"Nani aliipa ruhusa ya kula mahindi?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Msimu uliopita ndovu walikuwa wameingia kwake usiku mmoja, na asubuhi hapakuwa na mahindi ya kuvuna. Alikuwa ameyategemea kwa karo. Kwake sisi tulikuwa tumekaa hapa Kinoru tukichezea msiba wake. Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitamfuta ndovu siku hiyo hiyo.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Usimfute. Lakini njia unayompitisha si yenyewe."

Tukakaa na kipakatalishi mpaka giza likaingia. Alinionyesha wanakoteremkia, wanakokunywa, na mahali wanaposimama kusikiliza kabla ya kuingia shambani. Nilikuwa nimechora ramani kwa kuangalia picha za setilaiti. Yeye aliijua kwa kukesha na tochi na debe la kupiga. Nikamwambia kuhusu ile njia ya chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, iliyojengwa ili ndovu wapite kati ya Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare, na jinsi ndovu dume aliyeitwa Tony alivyoitumia mwanzoni mwa 2011. Alikuwa ameisikia. Akasema, "Hiyo ni ya wale wa kule. Wa kwangu hawajasoma ramani."

Alikataa kuigiza ndovu. Akachukua nungunungu, ambaye pia ni mwizi wa shamba, akacheza karibu mwezi mzima kwa kabambe yake. Halafu usiku mmoja mpwa wake hakuwa na chaji, na ndovu alikuwa amesimama pembeni mwa shamba akiwa na njaa. Mzee akaniandikia: Nipe huyo.

Nikampa. Akaandika jumbe tatu. Ndovu ananusa mahindi. Ndovu anasikia debe. Ndovu anasimama.

Nikangoja ujumbe wa nne. Wachezaji wengine nao wakangoja, maana wote waliokuwa karibu waliisikia ile debe. Haukuja usiku huo. Asubuhi nilimpigia kumuuliza kama salio lilimwishia.

"Salio lipo," akasema. "Nilikuwa bado nafikiria."

Sijaizima ile simu. Mwezi uliopita nilibadilisha betri yake, na wachezaji sasa wanachangia gharama ya jumbe, shilingi kumi kumi. Mzee naye huchangia. Shamba lake bado halina ua, na mahindi ya msimu huu yameshafika magotini. Ndovu wa mchezo bado amesimama pale pale, na hakuna mchezaji aliyemwomba mzee amsogeze.