Jino Lililopotea Njia

Naandika habari hii kwa aibu. Lakini huenda aibu yangu ikawafaa wengine.

Mwanangu, mwenye miaka 9, alizibwa tundu la kulia la pua. Usaha wenye harufu mbaya ulitoka humo, na mara nyingine damu. Darasani wenzake walikataa kuketi karibu naye. Mimi nilisadiki kwamba ametia punje ya mahindi puani. Alipokana, nilimwita mwongo, nikampiga. Jirani mmoja alinong’ona neno baya zaidi: mtoto amelogwa.

Mama yake alimwomba Mtakatifu Apolonia, shahidi wa Aleksandria, ambaye watesi walimvunja meno mwaka 249. Kisha akamshika mtoto mkono, wakaenda hospitali. Nami niliwafuata.

Daktari alimpiga picha kwa miale iliyovumbuliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Ndani ya pua lilionekana jino, limepinduka, kichwa chake kikielekea juu.

Alitueleza kwamba meno huanza kuumbika mtoto angali tumboni, yapata juma la 6 la mimba. Mara chache chipukizi moja hupotea njia, likaota katika kaakaa, puani, au katika uwazi ulio ndani ya mfupa wa taya la juu. Likiwa katika uwazi huo, daktari aweza kulifikia kwa kutoboa mfupa chini ya mdomo wa juu, kwa njia iliyoelezwa na George Caldwell mwaka 1893 na Henri Luc mwaka 1897. Jino la mwanangu lilikuwa karibu zaidi. Alilazwa usingizi kwa dawa, nalo likang’olewa kwa koleo kupitia tundu la pua, pasipo kuukata uso. Usaha ukakoma.

Zamani watu wengi walimwogopa kigego, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Wengine hata walimwua. Tukisikia hayo twawalaumu wazee. Lakini mimi, mbatizwa niliyesoma shule, nilimhukumu mwanangu kwa sababu ya jino.

Jioni ile alifungua kiganja, akanionyesha jino lake. Akauliza, «Baba, sasa wanisadiki?»

Nilipiga magoti, nikamwomba msamaha. Wazazi wenzangu, mtoto akisema, tumsikilize kwanza. Akiugua, tumpeleke kwa daktari kabla ya kumtafutia kosa.