Nusu Gramu

Baba alipiga simu usiku wa tatu nikiwa sijalala. "Mwanangu, kioo chako kimetulia?"

Kioo changu kilikuwa cha kwenye kompyuta tu. Nilikuwa natafuta umbo bora la mwale wa leza kwa vigunduzi vya mawimbi ya uvutano, kama LIGO ya Marekani iliyoyanasa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 2015. Huko mwale huenda na kurudi kati ya vioo vya kilo 40 vilivyoachana kilomita 4, kupima msogeo mdogo kuliko protoni. Joto la kioo chenyewe huufanya uso wake uchezecheze. Ndiyo maana niliupenda mwale mpana, uliosawazika juu kama meza: unagusa eneo kubwa, na mitikisiko midogo inafutana.

Lakini mwanga husukuma. Leza ikifika kilowati 750, inakisukuma kioo kwa uzito wa nusu gramu hivi. Mwale ukihama katikati, kioo kinainama; kikiinama, mwale unazidi kuhama. Sidles na Sigg waliieleza hatari hiyo mwaka 2006, na vioo vilivyo karibu bapa ndivyo vinavyoipata zaidi. Vyangu vilikuwa hivyo. Nikaongeza nguvu ya kuvirudisha; kelele za marekebisho zikaimeza ishara yenyewe.

"Nusu gramu," Baba akarudia. Ameuza mchele Muheza miaka 30. "Hizo ni punje ishirini tu."

Nikasikia sahani za mizani zikigongana. Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kulia unatetemeka, na akiukaza ndiyo unazidi. Mdogo wangu ameomba apime yeye, Baba hataki.

"Unapimaje sasa, Baba?"

"Siishikilii tena. Namimina, natoa mkono, nasubiri."

Usiku huo niliacha kuongeza nguvu, nikabadili vioo: vikabonyea zaidi, vitovu vya mikunjo yao vikakaribiana. Kuinama hakukwisha, ila kulipungua mno. Njia hiyo wengine walishaiandika; mimi nilikuwa nimeiruka.

Asubuhi nikampigia. Akafurahi, kisha akauliza kama nitakuja kabla ya masika. Tangu augue sijaenda, kila akiuliza humjibu, "Nikimaliza, Baba."

Safari hii sikulisema neno hilo. Nilimwomba anisubiri kwenye simu, nikaanza kutafuta tiketi.