Mzenga: Dhahabu Huondoka, Kisima Hubaki

Asafiriye kutoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro hukunja kushoto Mlandizi, akaiacha Kibaha nyuma yake na kuingia Kisarawe. Hupita penye mikorosho na mihogo, na Mzenga ataikuta reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975.

Tulikaribishwa barazani baada ya swala ya Adhuhuri. Uani, mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa akipima redio mbovu na vipande vya kompyuta. Mzee wa nyumba akatuuliza: "Wanangu, vibovu hivi vina nini hata vifuatwe huku kwetu?"

Tulimweleza kuwa baadhi ya viungio vya kompyuta na simu hupakwa utando mwembamba mno wa dhahabu juu ya nikeli na shaba, kwa kuwa dhahabu haishiki kutu. Wanaoisaka huvizamisha vipande hivyo katika tindikali ya naitriki, ileile ambayo masonara huijaribia dhahabu. Tindikali hiyo huila shaba, nikeli, hata fedha, dhahabu haiiwezi. Maji hugeuka buluu au kijani, na utando wa dhahabu hubaki kama maganda membamba ya kitunguu.

"Kumbe tindikali ina macho!" akasema.

Haina macho, mzee wetu. Iilayo shaba huila na ngozi. Moshi wake wa kahawia huunguza mapafu. Aliyeuvuta huweza kujiona mzima jioni, akabanwa na pumzi usiku. Na shaba haikupotea: imo ndani ya maji yale, pamoja na risasi itokayo kwenye lehemu. Kuyamwaga nyuma ya nyumba ni kuielekeza sumu kisimani. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziwekea taka za hatari masharti, na NEMC ikapewa kazi ya kusimamia.

Kuuza chakavu si aibu; ni riziki ya halali. Ila kifaa na kiuzwe kizima, kisivunjwe wala kuchomwa mbele ya watoto. Na atakayefika kijijini na madumu ya tindikali aulizwe mambo mawili: kibali chake kiko wapi, na maji yake atayapeleka wapi. Dhahabu yake, chembe chache tu, itakwenda mjini. Kisima hakisafiri, na jirani ana haki ya kuteka humo kesho.